Mgonjwa Wetu wa Ghorofa ya Tatu

Mwalimu mkuu mpya wa shule yetu alikuja na maneno mawili mdomoni: uongozi na utume. Kabla yake tulikuwa walimu tu. Tulifundisha, tulisahihisha, tulikunywa chai ya saa nne kwa mandazi, na Ijumaa ya kwanza ya mwezi tuliwapeleka watoto Misa, ambako aliyetaka kusinzia wakati wa mahubiri alisinzia kwa adabu. Huyu alikuwa mtawa wa kike wa makamo, mwembamba, aliyetoka kusomea mambo ya uongozi ng'ambo. Siku ya kwanza alisimama katika chumba cha walimu, akatutazama mmoja mmoja, akasema kwa ile sauti ya chini ambayo watawa hufundishwa sijui wapi: "Walimu wangu, hapa hakuna mwajiriwa. Sisi wote ni watumishi." Naibu wake akaitikia "Amina" hata hajamaliza. Nikajua tumepatikana.

Shule yenyewe iko pale kuta za Lavington zinapokwisha na mabati ya Kawangware yanapoanza. Nimefundisha hapo Kiswahili na Dini miaka kumi na tisa na nimeona walimu wakuu watatu wakija na kwenda. Mmoja alipenda maua, mmoja alipenda riadha, mmoja alipenda kulala. Wote hao niliwavumilia, kwa sababu maua, mbio na usingizi havimlazimu mwalimu kujaza fomu. Utume wa Sista ulikuwa na fomu.

Kila mmoja wetu alipewa daftari lenye jalada la buluu. Ndani mlichorwa safu: tarehe, jina la uliyemtembelea, aina ya utume, sahihi ya aliyetembelewa. Kwenye aina ya utume palikuwa na visanduku vitatu vya kutia tiki: Sala, Neno, Faraja. Halafu picha ya ushahidi itumwe kwenye kikundi cha WhatsApp cha walimu kabla ya Ijumaa saa sita. Sista alieleza kwamba kiongozi wa Kikatoliki hutambuliwa kwa matunda yake. Mimi nilidhani matunda huonekana yenyewe mtini, lakini sikusema kitu mbele yake. Nyuma ya mgongo wake nilisema sana.

"Yesu mwenyewe angefeli hii," nilimwambia mwalimu wa hesabu tukiwa kwenye birika la chai. "Alimponya mwenye ukoma, akamwambia usimwambie mtu. Hakuna picha, hakuna sahihi."

"Wewe endelea tu na hiyo mdomo yako," akanijibu. "Appraisal ya kazi ikifika utakuja kulia kwangu."

Mwanzoni watu walijaribu kwa wazazi wa wanafunzi wetu wa Lavington. Mwalimu wa hesabu alikwenda Jumamosi moja na Biblia kwapani. Mlinzi akamwandikisha kwenye kitabu cha geti, akachukua kitambulisho chake, akapiga simu ndani, na msichana wa kazi akajibu kwamba mwenye nyumba yuko lakini hakumbuki kuitisha maombi. Mwalimu alisimama juani nusu saa, mwishowe akamtembelea mlinzi. Akatia tiki kwenye Sala, mlinzi akatia sahihi kwa kalamu ya geti. Naibu aliikataa ile picha. Alisema mlinzi alikuwa kazini, na mtu aliye kazini hahesabiki kuwa mhitaji.

Ndipo mtu akamkumbuka mama mpishi.

Mama huyu aliipikia shule yetu zaidi ya miaka ishirini. Alitoka Magharibi akiwa msichana, akazeekea mbele ya sufuria zetu. Githeri yake ilijulikana hata na wazazi, na ulimi wake pia. Mwalimu aliyechelewa chakula aliambiwa mbele ya watoto kwamba sufuria hazimngoji mtu asiyesikia kengele. Naibu, mwanamume wa kilo zake na sauti ya kuamsha mtaa, alikuwa akipita nyuma ya maktaba ili asionane naye. Kisha ugonjwa wa sukari ukamshika mama. Kidonda kikatokea chini ya mguu wa kushoto, kikakataa kupona, akaacha kazi na kwenda kukaa na bintiye Kabiria, katika nyumba moja ya mawe, ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba zisizo na mahali pa kushika. Tulimfanyia sherehe ya kumuaga, tukampa blanketi, tukamsahau.

Sasa alirudi vichwani mwetu kwa kishindo. Alikuwa na sifa zote ambazo daftari lilitaka: Mkatoliki, mgonjwa, hatua chache kutoka shuleni, na hawezi kutoroka. Wiki ya kwanza walikwenda wawili. Wiki ya pili wanne. Kufikia katikati ya muhula hakukuwa na jioni ambayo mwalimu fulani hakuwa akipanda zile ngazi akihema, simu mkononi. Kikundi cha WhatsApp kilijaa sura yake. Mama mpishi na mwalimu wa sayansi, mama mpishi na mwalimu wa muziki, mama mpishi na walimu wote wa darasa la kwanza waliobanana kwenye kochi moja. Katika kila picha mguu umefunikwa blanketi letu na yeye anatazama kamera kwa uso ule aliokuwa akimtazamia mtu aliyeomba nyama ya ziada. Chini yake, mikono ya kusali na mioyo ya rangi zote.

Nilisubiri mpaka wiki ya sita. Sijidai, nilisubiri kwa sababu nilipenda kuwacheka wenzangu, na ukishaingia kwenye mchezo huwezi tena kuwacheka wachezaji. Lakini ilitangazwa kwamba Sista atateua mratibu wa utume, na mimi nikaitaka nafasi hiyo. Niseme ukweli wangu. Mratibu angepunguziwa vipindi, angekaa kwenye baraza la uongozi, na angepewa kile chumba kidogo kando ya maktaba chenye dirisha. Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye kona ya chumba cha walimu mahali mlango wa choo unapofungukia. Nikanunua ndizi mbivu kichana kizima, nikaenda Kabiria Alhamisi baada ya masomo.

Nilipoingia tu nikaona rafu iliyo juu ya televisheni. Ilikuwa imejaa sukari. Pakiti za kilo mbili mbili, zimepangwa vizuri, na pembeni chupa za soda zisizofunguliwa. Walimu wenye shahada, baadhi yao wanafundisha sayansi, walikuwa wamembebea mgonjwa wa sukari sukari, kwa sababu kwetu huwezi kwenda kumwona mtu mikono mitupu na mkono ulishazoea kuchukua pakiti ile dukani. Kisha wakasimama mbele ya rafu hiyo wakafumba macho na kumwomba Mungu amwondolee mama sukari. Nilicheka mpaka nikaketi.

"Cheka tu, mwalimu," mama mpishi akasema kutoka kochini. "Mimi nilicheka ya kwanza na ya pili. Ya tatu nikaacha."

"Na nyinyi mnafanyia nini hii yote?"

"Msichana wangu anapelekea watu wa kibanda cha chai hapo chini. Ndizi nazo peleka jikoni, daktari alikataa."

Nikazipeleka jikoni. Nyani haoni kundule. Nilirudi nikakaa, nikatoa daftari langu, nikaona haya kidogo, nikaliweka chini ya mkoba. Nikamuuliza mguu unaendeleaje, swali ambalo nilidhani kila mtu aliyepanda pale aliliuliza. Akaniambia wengi hawakuuliza, waliukemea tu.

Akafunua blanketi. Bandeji ilikuwa imegeuka rangi na harufu yake ilikuwa harufu ambayo mtu aliyekulia kijijini anaijua bila kuambiwa. Kidonda kilitakiwa kusafishwa kliniki kila Jumanne asubuhi. Kliniki ya vidonda ilifanya kazi Jumanne peke yake, saa mbili mpaka saa saba. Bintiye anafulia nguo nyumba moja ya Lavington, na Jumanne ndiyo siku ya shuka. Alikuwa amekosa kazi Jumanne mbili ili amshushe mama; mwenye nyumba akamwambia akikosa ya tatu asirudi. Kwa hiyo mama alikuwa amekaa wiki tatu bila kusafishwa. Hakuwa na shida ya teksi. Shida yake ilikuwa ngazi. Keateka, yaani mwangalizi wa jengo, mzee mmoja mwenye mabega, alikubali kumshika upande mmoja kabla hajaenda kwenye kibarua chake cha pili saa tatu. Upande wa pili ulihitaji mtu.

"Mtu mmoja?" nikauliza.

"Mmoja tu. Anishike mkono, nifike chini. Hata kurudi, msichana atanikuta hapo chini jioni, nitakaa kwa kibanda."

"Na umewaambia hawa wanaokuja?"

"Nimewaambia wote, mwalimu. Wanasema wataona vile Mungu atafungua njia. Naibu wenu alisema ataiweka kwa maombi. Aliomba mpaka chai ikapoa."

Nilikasirika, na hasira ile ilikuwa tamu. Niliwaona wote, mmoja mmoja, na pakiti zao na tiki zao, watumishi wa Bwana ishirini na ushee, na hakuna aliyepata mkono mmoja wa kumshusha mama ngazi. Debe tupu, nikasema moyoni. Huruma ilikuwepo, siwezi kusema haikuwepo, lakini juu ya huruma palikaa raha ya kujua kwamba mimi nitakuwa bora kuliko wao.

"Jumanne saa mbili kasorobo nitakuwa hapa," nikamwambia. "Mimi mwenyewe. Mwambie mzee wa chini asiende popote."

Hakushukuru kwa maneno mengi. Alisema, "Haya basi, Jumanne." Kisha akasema nitoe hilo daftari nililoficha atie sahihi, mbona najisumbua. Akatia sahihi. Nikapiga picha, nikatia tiki kwenye Faraja.

Jumatatu baada ya chakula Sista alituita chumba cha walimu. Kesho, alisema, hakuna masomo ya kawaida. Wanafunzi watabaki na wazazi wa kujitolea na waseminari, na sisi sote tutakwenda Hurlingham kwenye warsha ya siku moja: Kuongoza ni Kutumikia. Basi litaondoka saa moja na nusu asubuhi. Na mwisho wa warsha atamtangaza mratibu wa utume.

Nilimfuata ofisini kwake. Nilibisha, nikaingia, nikasimama mbele ya meza kama msichana wa shule aliyechelewa.

"Sista, kesho asubuhi nina mgonjwa wa kumpeleka kliniki. Mama mpishi. Nikiruhusiwa nitajiunga nanyi baadaye."

Alifurahi kusikia. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba alifurahi kweli. Aliniambia hilo ni jambo zuri sana, kwamba anaona moyo wangu unafunguka. "Lakini mwalimu, utume wetu tumeupangia saa kumi, baada ya kazi. Tukianza kuchanganya, tutapoteza utaratibu. Huyo mama anaweza kusubiri Jumanne ijayo, ama siyo?" Kisha akainamisha kichwa upande, akashusha sauti zaidi. "Na kesho, nisingependa yule nitakayemtaja asiwe ukumbini."

Mtu mwenye akili angejibu. Mimi ambaye nimewafundisha watoto wa watu kwamba ahadi ni deni, nikawapa insha waandike juu yake, nikawaondolea alama walioshindwa kutoa mfano, nilisema, "Sawa, Sista." Nilipotoka nje nilijiambia kwamba warsha huanza kwa kuchelewa, kwamba nitachomoka wakati wa chai, kwamba Hurlingham na Kabiria si mbali. Nikampigia binti wa mama, hakushika, nikamwandikia ujumbe: Nitachelewa kidogo kesho, mwambie mama ajitayarishe tu, nakuja. Nimeuhifadhi ujumbe huo kwenye simu yangu. Sijui kwa nini siufuti.

Ukumbi ulikuwa katika mojawapo ya yale majengo ya Argwings Kodhek yenye benki chini na madaktari wa meno katikati. Tulipanda kwa lifti, kumi kumi. Viti vilikuwa na vitambaa vyeupe vilivyofungwa nyuma kama vya harusi. Mwezeshaji alikuwa kijana mtanashati aliyeacha seminari, suti ya kijivu, kipaza sauti shavuni. Alianza kwa kutuambia tumgeukie jirani na kumwambia, "Wewe ni mtumishi." Nilimgeukia mwalimu wa hesabu nikamwambia. Akaniambia, "Na wewe una njaa."

Saa mbili ikafika tukiwa tunaandika maana ya uongozi kwenye vikaratasi vya njano na kuvibandika ukutani. Niliandika "kusikiliza". Wengi waliandika "kusikiliza". Mwezeshaji alisoma kusikiliza kumi na mbili kwa sauti, akatupigia makofi. Saa tatu ikafika. Nilijua mzee keateka sasa anafunga kijumba chake na kwenda. Chai ikaletwa saa nne na nusu, na wakati wa chai Sista alikuwa amesimama mlangoni kabisa, akisalimiana na kila anayetoka, akanishika mkono, akasema, "Usiende mbali." Sikwenda mbali. Nilikwenda mpaka kwenye sambusa.

Baada ya chai wakazima taa, na projekta ikatuonyesha matunda yetu. Picha ya kwanza, mama mpishi na mwalimu wa sayansi. Ya pili, mama mpishi na mwalimu wa muziki. Zikaendelea, moja baada ya nyingine, na wimbo wa kwaya ukipigwa chini kwa chini, na mimi nilikuwa ya tisa. Nilikuwa nimetabasamu. Nyuma ya bega langu rafu ya sukari ilionekana vizuri sana, na hakuna aliyecheka. Naibu akaombwa kutoa ushuhuda. Akasimama, akasema kwamba mama huyu ametufundisha uvumilivu, kwamba anapotoka pale huhisi yeye ndiye aliyetembelewa. Watu wakafuta macho. Mwezeshaji akasema hajawahi kuona shule yenye utume hai namna hii. Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Kliniki ilikuwa wazi kwa saa moja na dakika hamsini zaidi, na watu zaidi ya ishirini waliomjua mama kwa jina walikuwa wameketi kwenye viti vya harusi wakimtazama ukutani.

Ningeweza kusimama hapo. Nimesimama wakati ule mara nyingi tangu siku hiyo, kichwani, na nimetoa hotuba za kuwakausha. Siku yenyewe nilikaa. Sista alipanda jukwaani, akazungumza juu ya mwalimu ambaye mwanzoni alikuwa na shaka na ulimi mkali lakini Bwana amemgusa, akanitaja. Makofi. Nikapewa mshumaa, ukawashwa, nikaombewa huku watu wameninyooshea mikono. Nta ilinidondokea kwenye kidole gumba na sikuthubutu kusogea. Kisha chakula cha mchana, samaki wa kukaanga, na picha za pamoja, na kila mtu alitaka moja na mratibu.

Nilitoka saa nane. Teksi ilikwama Kawangware, ikakwamuka, nikafika Kabiria saa tisa kasorobo.

Alikuwa nje ya mlango, kwenye kisehemu kile cha juu ya ngazi, juu ya kiti cha plastiki. Alivaa sare yake ya akina mama wa kanisa, ile anayoivaa siku kuu, na kitambaa kichwani kimefungwa kwa uangalifu. Mguu wa kulia ulikuwa na kiatu cheusi kilichopakwa rangi. Wa kushoto ulilala juu ya kigoda, umefungwa mfuko wa plastiki juu ya bandeji ili usichafuke njiani. Bintiye alimtoa hapo kabla ya kwenda kazini saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa sababu hakutaka mimi na keateka tuhangaike kumtoa kochini. Kurudi ndani peke yake hakuweza, na majirani walikuwa kazini. Alikuwa ameketi hapo tangu giza, hajala, hajakwenda haja, akisubiri nichelewe kidogo.

"Mama," nikasema.

"Pole mwalimu, kazi ni mingi," akasema. "Naomba unirudishe ndani. Choo kwanza."

Nilimshika. Hakuwa mzito. Huo ulikuwa upuuzi mkubwa kuliko wote, kwamba mama yule aliyekuwa akiinua sufuria za watoto mia tatu hakuwa mzito tena, na hata peke yangu ningalijaribu ningalimteremsha ngazi mbili tatu kila mara na kupumzika. Nilimpeleka choo, nikamrudisha kochini, nikampikia uji bila sukari. Akanywa. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Nadhani alijua, nguo zangu zilinukia samaki.

Jumanne iliyofuata sikuomba ruhusa kwa mtu. Saa moja na nusu nilikuwa pale, tukamshusha mimi na mzee keateka, dakika saba kwa saa yangu. Dakika saba. Muuguzi alifungua bandeji, akatazama, akaita mwenzake naye akatazama. "Mlikuwa wapi wiki iliyopita?" akauliza, wala hakungoja jibu, alikuwa tayari anaandika barua ya kumpeleka hospitali kubwa. Siku ya tatu waliukata mguu chini ya goti. Nilimvizia daktari kwenye korido, nikamuuliza kama wiki moja ingefanya tofauti. Alikuwa mtu mchovu na mkweli. "Mama, siwezi kukuambia ndiyo," akasema, "na siwezi kukuambia hapana."

Shuleni habari zilipokewa kwa utume mkubwa. Sista alilia, na kwa haki yake niseme alilia machozi ya kweli. Kisha akaagiza novena. Siku tisa mfululizo watoto walisimama uwanjani wakiuombea mguu ambao haukuwepo tena. Naibu aliongoza siku ya kwanza na ya mwisho. Mwalimu mmoja, sitasema yupi, aliuliza kwenye WhatsApp kama kutembelea wodi kunahesabiwa mara moja au mbili. Na swali hilo lilielekezwa kwangu, kwa sababu mimi ndiye mratibu. Ndiyo, bado ni mratibu. Nilifikiri nitajiuzulu, nikaandika hata barua, halafu muhula ukaisha, halafu mwingine ukaanza. Chumba kina dirisha zuri. Nimewadharau wale watu mwaka mzima nikiwa nimekaa kwenye kiti walichonipa.

Jumapili moja baada ya yeye kurudishwa Kabiria nilikwenda kumwona. Safari hii walimpandisha watu watatu. Binti yake alinifungulia mlango bila kuniangalia usoni, akaingia jikoni akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Mama alikuwa kwenye kochi lile lile, blanketi limelala bapa upande mmoja. Tulizungumza habari za mvua, za shule, za mpishi mpya ambaye alisikia kwamba anaweka magadi kwenye maharagwe. Mimi nilikuwa nangoja anitukane. Namjua mama huyu. Nimemwona akimsimamisha naibu mlangoni na sahani tupu mkononi kwa kuchelewa dakika tano. Mwishowe nikashindwa kuvumilia.

"Mama, mbona hukunisema? Mimi nilikuja mara moja tu kabla ya ile Jumanne. Kuna wengine walikuja mara nne, mara tano, na hawakukusaidia na kitu. Hao umewakasirikia?"

Alikuwa akilivuta blanketi taratibu, akiliweka sawa mahali palipokuwa na mguu.

"Hao wengine sina maneno na wao," akasema. "Walikuja kuomba, wakaomba, wakaenda. Hakuna mtu aliniahidi kitu. Wewe ndiye ulisema Jumanne."

Jikoni maji yakafungwa. Nikabaki nimekaa.